Timu Iliyozunguka Kiti

Kaa mkao wa kusikiliza. Mwenye mtoto amnyonyeshe, mwenye mchele auchambue. Ninachotaka ni masikio tu.

Ipo nchi moja inaitwa Jamhuri ya Shangwe. Usiitafute kwenye ramani, maana ramani zake zote ziko kabatini kwa waziri, na ufunguo wa kabati uko safarini na waziri. Ni nchi nzuri sana. Watu wake wana furaha kwa mujibu wa sheria, na asiye na furaha hupewa muda wa kujirekebisha. Mbali kabisa na mji mkuu, pale lami inapokatika lakini mabango ya kuisifia lami yanaendelea, kuna mji mdogo wa Lugombo: soko, kituo cha polisi, zahanati yenye bango la "Dawa Zipo", na kibanda cha kinyozi.

Kinyozi mwenyewe aliitwa Dossa, ila jina hilo lilitumiwa na mama yake tu. Mji mzima ulimwita Reli, kwa sababu ya mwendo wake. Tangu utotoni, Dossa akitaka kwenda mahali alikwenda moja kwa moja. Kukiwa na dimbwi, alipita dimbwini. Kukiwa na mkutano wa hadhara, alipita katikati ya mkutano akisema, "Samahani wazee, samahani mama." Siku alipompenda Mwamvita, binti wa muuza karanga, hakutuma mjumbe wala kujipitishapitisha kwa mashangazi. Alivuka soko, akaruka mafungu ya nyanya, akasimama mbele ya meza ya karanga akihema.

"Nimekuja," akasema.

"Unataka za kukaanga au mbichi?" Mwamvita akauliza.

"Sijafuata karanga."

Mwamvita alicheka mpaka kopo la kupimia likamponyoka. Baadaye shoga zake walipomuuliza amempendea nini kinyozi asiye na hata kioo kizima, aliwajibu, "Yule ukimuona anakuja, unajua anakuja kwako." Kwa mwanamke aliyekulia katika Jamhuri ya Shangwe, ambako hata salamu hupitia kwa mtu wa tatu, hiyo ilikuwa mahari tosha.

Mama yake Mwamvita alipofariki, alimwachia shamba la karanga nyuma ya soko. Wakati huo vijana waliokuwa wakienda kunyolewa kwa Dossa walikuwa hawaondoki baada ya kunyolewa. Walibaki kubishana habari za mpira, kila mmoja na nusu kichwa chake, maana mkasi nao ulisimama kusikiliza. Siku moja Mwamvita akachoka na makelele. Akachukua kitenge chake kilichochakaa, akakijaza matambara, akakishona kikawa mpira, akawarushia.

"Haya, midomo pumzika, miguu fanyeni kazi. Shamba la mama limelala mwaka huu. Chezeeni huko. Lakini atakayenikanyagia tuta la pembeni, nitamnyoa mimi mwenyewe."

Ndivyo klabu ilivyozaliwa. Waliipa jina la kile walichokuwa nacho kwa wingi, wakaiita Vumbi. Mistari ya uwanja waliichora kwa majivu. Kila nyumba ilileta kopo la majivu ya jikoni kwake, na bibi mmoja akapita akijivuna kwamba kona ya kushoto ni ya maharage yake ya jana. Kwenye mechi ya kwanza, Dossa aliupata mpira katikati ya uwanja, akainama, akaenda. Hakumpiga mtu chenga. Alinyooka tu kama jina lake, maadui wakipisha na wenzake wakipisha, mpaka yeye na mpira wakaingia golini pamoja. Mwamvita, mjamzito wa miezi ya mwisho, aliruka mpaka wanawake wakamshika kwa nguvu, wakimwambia, "We dada, utatuzalia hapa!"

Hilo ndilo likawa kosa la kwanza la Vumbi. Walikuwa wamefurahi bila kibali.

*

Mkuu wa Wilaya, Bwana Luhende, alisikia zile kelele akiwa ofisini. Kwanza alidhani ni fujo, akajifungia. Kisha akadhani ni sikukuu ya taifa aliyoisahau, akaogopa zaidi, akatoka mbio huku akifunga vifungo vya suti. Alipofika uwanjani na kukuta watu wanacheka bila hata bendera moja, alivuta pumzi, akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi! Nimesikia furaha. Nikajiuliza, furaha hii imeandaliwa na nani? Nani ameifungua? Nani ataifunga? Furaha isiyo na mgeni rasmi, ndugu zangu, haina tofauti na vurugu. Serikali yenu sikivu haiwezi kukaa pembeni kuwaangalia mkifurahi peke yenu!"

Watu wakapiga makofi. Wangefanya nini? Mikono ilikuwa tayari imeshajua njia.

Siku hiyohiyo Vumbi ikavunjwa kwa tamko, na kwa tamko hilohilo ikaundwa upya kwa jina la Klabu ya Michezo ya Fikra Zisizochoka za Mlezi Mkuu wa Taifa. Mashabiki walijitahidi sana. Lakini kila walipofika kwenye "Zisizochoka" pumzi ilikuwa imekwisha na mpira umeshatoka nje. Ikaamriwa pia kwamba uwanja utafunguliwa rasmi na Waziri wa Furaha na Michezo.

Afisa Itifaki akatumwa kutoka mji mkuu kutafuta mahali pa kukaa waziri. Alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka na kitambaa cha kufuta viatu hivyo. Upande wa mashariki alisema jua litampiga mheshimiwa machoni. Upande wa magharibi kulikuwa na soko la samaki wakavu. Upande mmoja wa goli ulitazamana na vyoo, na upande wa pili ulitazamana na zahanati, na mheshimiwa asingependa kuona wagonjwa siku ya furaha. Akazunguka, akafikiri, akafuta viatu. Mwishoni akasimama katikati kabisa ya uwanja, palepale mpira unapoanzishwa.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo penye hadhi."

Likaletwa kochi la sebuleni kwa Mkuu wa Wilaya, jekundu, lenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Likawekewa meza ndogo, ua la plastiki, na turubai juu yake.

"Sasa mheshimiwa akishakaa hapo, sisi tutacheza wapi?" Dossa akauliza.

"Mheshimiwa akishakaa atafungua. Akishafungua ataondoka. Akishaondoka, mtatoa kochi, mtacheza. Tatizo liko wapi, ndugu yangu?"

Kwa kweli halikuonekana.

Siku ya ufunguzi watoto wa shule walipangwa juani tangu asubuhi, na waliozimia wakaandikwa kuwa wamezidiwa na furaha. Ngoma zikapigwa mpaka ngozi zikalegea. Alasiri ikaja taarifa kwamba mheshimiwa waziri amepata dharura, atakuja siku chache zijazo, anawapenda sana. Watu wakapiga makofi kwa taarifa. Dossa akavua shati, akabaki na jezi.

"Haya jamani, tubebe kochi tuendelee."

"Mshikeni!" Afisa Itifaki akapiga ukunga. "Unamfukuza mgeni?"

Na hapa, msikilizaji wangu, usiwacheke watu wa Lugombo mpaka uwaelewe. Kwao, tangu enzi za mababu, ukishamtolea mgeni kigoda nje hukiinui mpaka akikalie. Kukiinua ni kumwambia asije. Mwamvita mwenyewe aliwahi kukaa na kigoda cha shangazi yake mlangoni tangu mwezi kuandama hadi kupevuka, anakiruka kwenda msalani, anakiruka kurudi, na ndoo ya maji kichwani. Shangazi alikuja, akakalia, akala, wakacheka sana. Ilikuwa desturi ya vigoda na mashangazi, desturi ya upendo. Serikali iliikuta, ikaipenda, ikaitungia kanuni na adhabu.

Kwa hiyo Afisa Itifaki aliposema vile, wazee walitazamana wakatikisa vichwa kukubali. "Kweli bwana. Kiti cha mgeni hakiinuliwi."

Mwamvita naye alitikisa kichwa. Ilikuja kumuuma baadaye.

*

Waziri hakuja siku chache zile, wala msimu ule. Mara alikuwa safarini, mara amebadilishwa, mara aliyembadilisha naye amepata dharura. Kochi likabaki katikati ya uwanja, likilindwa na mgambo mmoja aliyeitwa Ngwelela, aliyekaa kivulini mwake juu ya ndoo aliyoifudikiza, filimbi mdomoni.

Vijana wakavumilia, kisha wakashindwa kuvumilia, wakaanza kucheza pembeni mwa kochi, halafu mbele yake na nyuma yake. Jumapili moja mpira uligonga mkono wa kochi. Filimbi ikalia. Jioni ile kipa alifika mbio kwa Mwamvita, ambaye wakati huo mwanae Tunu alikuwa amekwisha kuzaliwa na yuko mgongoni.

"Shemeji! Mpira umekamatwa!"

"Umekamatwaje?"

"Uko mahabusu!"

Mwamvita akaenda kituoni. Akaukuta mpira wake wa kitenge nyuma ya nondo, umekaa kona, unatia huruma.

"Kosa lake nini, afande?"

"Kumgusa mgeni rasmi," askari wa zamu akasema bila kuinua macho.

"Lakini mgeni hayupo."

"Ndiyo maana kosa ni kubwa, mama. Angekuwepo angejitetea."

"Basi nipeni dhamana."

"Una undugu na mtuhumiwa?"

Mwamvita akaangalia kile kitenge. Alikivaa siku Dossa alipoenda kujitambulisha kwa mama yake. "Nimemzaa mimi," akasema.

Akaweka dole gumba. Mpira ukaachiwa kwa masharti kwamba usikaribie katikati ya uwanja. Na kwa kuwa mpira hauna akili, masharti yakahamishiwa kwa wachezaji.

Ndipo Mwamvita alipoona kitu kilichomtoa usingizi wa raha. Jumapili iliyofuata Dossa aliupata mpira, akainama kama kawaida yake, akaanza kwenda. Alipokaribia kochi, akapinda. Alipinda vizuri, kwa umbo zuri, watu wakashangilia. Mwamvita peke yake ndiye aliyekaa kimya.

Nyumbani, akimpakulia, akamwambia, "Leo umepinda, Baba Tunu."

"Nimepinda wapi?"

"Pale kwenye kochi."

"Aa, pale." Dossa akacheka, lakini kicheko kilitangulia na macho yakachelewa. "Ni kwa muda tu, mke wangu. Mgeni akija akakaa, mambo yamekwisha. Utaniona."

"Mimi nilikuchukua kwa sababu hupindi."

"Na sijapinda. Miguu tu."

*

Basi miguu ikazoea. Na ikizoea, ajabu ya Mungu, ikawa inashinda. Timu za kutoka miji mingine zikija Lugombo zilikuwa zinalisahau kochi. Mshambuliaji wao anakimbia, anapaa juu ya meza, anatua mikononi mwa Ngwelela, anakwenda kutoa maelezo. Wageni wakibaki saba au sita, vijana wa Dossa wanazunguka kwa mduara mtamu, kulia na kushoto, kama maji yanayozunguka jiwe, wanafunga. Magazeti ya mji mkuu yakaandika habari za Mfumo wa Lugombo. Profesa mmoja akaja kuutazama, akasema huu ndio mpira wa asili wa Shangwe, ambao wakoloni walituficha. Bwana Luhende akavaa suti mpya.

"Mnaona?" akahutubia. "Mlinung'unika kuhusu kochi. Bila kochi mngekuwa nani?"

Wengine walianza kulipenda. Mama mmoja alikuwa akija kila Jumamosi kufua vile vitambaa vya kufuma, akivirudisha vimenyooshwa kwa pasi. Vijana wadogo wakawa wanacheza chandimu vichochoroni huku wameweka tofali katikati, ili nao walizunguke.

Kwa namna hiyo timu ikafika fainali ya taifa, mji mkuu, mbele ya Mlezi Mkuu mwenyewe.

Walipanda lori, wachezaji na wake zao na masufuria. Tunu alikuwa ameanza kutembea, akawa anapepesuka toka mguu wa mchezaji huyu hadi wa yule. Dossa alimbeba Mwamvita kwenye matuta ya barabara kwa maneno tu. "Uwanja wa kule ni wa majani, mke wangu. Majani matupu, mwanzo hadi mwisho. Hakuna kochi. Leo utaniona ninavyokwenda."

"Kweli?"

"Reli," akajigonga kifuani.

Mwamvita akakaa jukwaani, juu kabisa, Tunu mapajani, roho juu. Uwanja ulikuwa wa kijani kama alivyosema, na katikati hapakuwa na kitu chochote, ni duara la chokaa tu. Filimbi ikapulizwa. Dossa akaupata mpira. Akainama. Mwamvita akashika pumzi.

Akapinda.

Wenzake wote wakapinda naye, kulia na kushoto, kwa umbo lile zuri, wakikizunguka kitu kisichokuwepo. Timu ya mji mkuu kwanza iliduwaa. Halafu mchezaji wao mmoja akaona pale katikati pako wazi kabisa, akapita, akafunga. Akapita tena, akafunga. Ikafika mahali wanapita wakitembea. Watu wa Lugombo walikuwa wanatoka jasho, wanazunguka kwa bidii, wanalinda umbali. Mmoja alipoukosea kidogo mduara na kuikaribia ile nafasi tupu, alishtuka, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kuomba radhi.

Jukwaa lilicheka. Lilicheka sana, halafu kikafika kipindi likaacha kucheka, kidogo kidogo, safu kwa safu, kama taa zinazozimwa. Mzee mmoja mbele ya Mwamvita alimuuliza jirani yake, "Hivi hawa wanazunguka nini?" Jirani alijitazama miguu. Uwanja mzima ukanyamaza, watu maelfu kwa maelfu wanatazama ile nafasi, na kila mmoja anaona kitu chake pale.

Katika kimya hicho Mwamvita akasimama. Hakufikiri. Alimuona tu mumewe akipinda.

"Pita katikati, Dossa! Pita tu, baba! Hapo katikati hamna kitu! Hamna kitu!"

Sauti ikaenda mpaka jukwaa kuu. Mlezi Mkuu, aliyekaa katikati kabisa ya jukwaa hilo, juu ya kochi, akaacha kutafuna korosho.

*

Likaundwa Jopo. Mwenyekiti wake alikuwa jaji mstaafu aliyekuwa anastaafu kwa mara ya nne. Kwa sheria za Shangwe kauli ya mke ni mali ya mumewe, kwa hiyo aliyesimamishwa kizimbani ni Dossa. Mwamvita akaruhusiwa kukaa nyuma na mtoto, mradi mtoto asilie kwa namna ya kutoa maoni.

"Mshtakiwa," jaji akasema, "swali ni moja na ni jepesi. Siku ile, pale katikati ya uwanja, kulikuwa na kitu au hakukuwa na kitu? Jibu taratibu. Ukisema hakukuwa na kitu, basi ninyi mliizungukia hewa mbele ya Mlezi Mkuu, mkamuonyesha kwamba mnachokizunguka siku zote ni hewa. Na mkeo atakuwa amesema jambo zito sana. Ukisema kilikuwepo, basi mkeo haoni vizuri."

Dossa akageuka kumtazama mkewe. Ulikuwa mtazamo ulionyooka, ukavuka meza za makarani na vichwa vya askari, ukamfikia. Mwamvita alitikisa kichwa kumkataza. Mdomo wake ulisema bila sauti: sema hamna.

"Kilikuwepo, mheshimiwa," Dossa akasema.

Ndivyo Mwamvita alivyookolewa. Alionekana ni mwanamke mwenye macho mabovu, akasamehewa, na katika hafla fupi yenye tarumbeta akakabidhiwa miwani ya serikali. Alipigwa picha akiwa ameivaa. Vioo vyake vilikuwa vizito mno, akivaa alikuwa anaona kila kitu kimepinda.

Kuhusu Dossa, Jopo liliridhika na jibu ila likapata shaka na mjibuji. Alikuwa amejibu haraka, kama mtu anayejibu kwa ajili ya mtu mwingine. Likaagiza apelekwe kwenye Kambi ya Kunyoosha mpaka atakapoliamini jibu lake.

"Nitarudi," Dossa akamwambia mkewe akiingizwa kwenye gari. "Moja kwa moja nyumbani."

Mwamvita akarudi Lugombo na mtoto, masufuria, na miwani. Miwani akaifanya kazi: aliivalisha chupa ya mafuta ya taa ili Tunu aiogope, asiiguse.

Mvua zikaja zikaenda. Turubai likapeperuka msimu mmoja wa upepo, likaonekana mara ya mwisho juu ya mnara wa kanisa. Mchwa wakaingia kwenye kochi, wakaanza na miguu. Siku moja likaketi chini lenyewe kwa sauti ya mtu mzee, na baada ya muda hata kitambaa chekundu kikaoza, na lile ua la plastiki likabebwa na mbuzi. Ngwelela aliandika ripoti. Wilaya ikajibu kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu kiti kipo na kiko katika hali nzuri, aendelee kulinda. Akaendelea. Vijana nao wakaendelea kucheza Jumapili, wakizunguka. Nyayo zao zilichimba mduara mwekundu, mgumu kama sakafu, na ndani ya mduara, pasipokanyagwa na mtu, majani yakaota marefu.

Hatimaye waziri akaja. Sijui alikuwa wa ngapi tangu yule wa kwanza. Alikuja kwa ghafla, magari kumi na ving'ora, akaelekea uwanjani. Dereva wake alipouona ule mduara, akapunguza mwendo, akapinda. Gari likauzunguka. Magari mengine yakafuata. Mwamvita, aliyekuwa pembeni akipalilia tuta la mama yake, alimuona waziri akichungulia dirishani, uso umejaa wasiwasi.

"Pale ni pa nani?" waziri akauliza.

"Pana mwenyewe, mheshimiwa," Ngwelela akapiga saluti.

"Mkubwa kuliko mimi?"

Ngwelela hakujua. Kwa hiyo akanyamaza, na kimya chake kikatosha. Waziri akarudisha kioo, akafungua uwanja kwa kupunga mkono, na msafara ukazunguka mara nyingine ukatokomea na vumbi lake. Jioni redio ikatangaza kwamba uwanja wa Lugombo umefunguliwa kwa mafanikio makubwa.

*

Dossa alirudi alasiri moja, wakati karanga zinaanza kutoa maua. Mwamvita alikuwa jikoni, akasikia majirani wakipiga vigelegele, akatoka nje na mwiko mkononi. Alimuona mumewe mwanzo wa barabara. Amekonda, amenyolewa na mtu asiyejua kunyoa. Akasubiri aje kwake kama alivyozoea.

Dossa alikuja akiambaa na ukuta wa soko. Akapita nyuma ya kibanda chake mwenyewe. Akazunguka mti, akazunguka ndoo, akafika mlangoni kwa ubavu.

"Shikamoo, baba," Tunu akasema, kwa kuwa alifundishwa.

"Marahaba, mama." Akampapasa kichwa kwa pembeni.

Alikuwa mpole. Hakuwa na kidonda cha kuonekana. Lakini ndani ya nyumba alizunguka meza kufuata sahani iliyokuwa mbele yake. Akitaka chumvi aliulizia habari za maji kwanza. Usiku alilala ukingoni, akiacha katikati ya kitanda pakiwa wazi. Mwamvita akawa anampikia, anamkandia mgongo, anamsimulia vituko vya mji, na yeye anacheka panapostahili.

"Kule walikuuliza nini?" akamuuliza siku moja.

"Swali lilelile."

"Ukawajibu nini?"

"Jibu lilelile."

"Na sasa unaliamini?"

Dossa aliangalia mlango, akaangalia dirisha, akaangalia sufuria. "Chakula kitamu leo, Mama Tunu."

Mwamvita akachukua ndoo akaenda kisimani, maana hakutaka mumewe amuone analia. Njia ya mkato ilipita uwanjani. Alikuwa anarudi, ndoo kichwani, anamlaani moyoni Luhende, na waziri, na kijana wa viatu vilivyochongoka, ndipo akahisi maji yanamwagikia bega la kushoto. Akasimama. Akaangalia chini. Miguu yake ilikuwa juu ya ule mduara mwekundu. Alikuwa amepinda.

Alikuwa amepinda jana pia. Na juzi. Miaka yote hiyo, yeye aliyepiga kelele mbele ya taifa zima, alikuwa anazunguka na ndoo yake kama wengine, na hakuna aliyemwambia.

Akageuka, akaingia kwenye majani.

"Mama! We mama!" Ngwelela akainuka kwenye ndoo yake. "Hapo hapaendwi!"

"Kwa nini?"

"Kiti!"

"Kiko wapi, mdogo wangu? Nionyeshe nikiheshimu."

Ngwelela akaweka filimbi mdomoni. Akaangalia yale majani. Filimbi ikabaki mdomoni bila kupulizwa, maana hakujua aandike mama huyo ameketi juu ya nini.

Maana Mwamvita alishakaa. Alitua ndoo, akakunja kanga, akakaa chini katikati kabisa ya shamba la mama yake. Majani yalimfika kifuani. Udongo ulikuwa laini, haujakanyagwa, unanuka karanga. Tunu, aliyekuwa akimfuata mama yake kila mahali, alikuja mbio akanyoosha moja kwa moja hadi mapajani kwake, bila kujua amevuka nini.

Watu wakaanza kukusanyika pembezoni. Vijana wa timu waliacha kunyooshana misuli. Mama wa vitambaa akashika mdomo. Hakuna aliyevuka ule mduara. Na kati ya watu hao, nyuma ya nguzo ya goli, Mwamvita akamuona mumewe.

"Baba Tunu!"

Dossa akatazama kushoto na kulia, kama anayeitwa ni mwingine.

"Nakuita wewe. Mgeni ameshakaa. Sasa njoo."

"Nakuja," akasema, akaanza kutembea. Hatua zake za kwanza zilikuwa nzuri. Alipoukaribia mduara, mguu wa kulia ukaanza kwenda pembeni wenyewe, kwa lile umbo zuri, na watu wote wa Lugombo, bila kutaka, wakainamia upande huo pamoja naye.

Dossa akasimama. Akautazama mguu wake kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama ndugu aliyemshuhudia uongo mahakamani. Jasho lilikuwa linamtoka. Akauinua ule mguu kwa mikono yake miwili, kama mtu anavyouinua mguu uliokufa ganzi, akaugeuza, akautua ndani ya majani.

"Karanga za kukaanga au mbichi?" Mwamvita akamuuliza kutoka kule katikati.

Dossa alifungua mdomo. Neno lilikuja limezunguka, likakwama, akalivuta tena. Na mguu wa pili ulikuwa bado nje.